Viwanja vya Sinza, Vichochoro vya Manzese

Januari 2018, jijini Washington, Dar es Salaam ilikabidhiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu. Tuzo hiyo ilianza mwaka 2005 kwa kwenda Bogotá, na hakuna jiji la Afrika lililokuwa limeishinda kabla yetu. Kilichotuzwa ni Mwendokasi: kilomita 21 za njia maalumu ya mabasi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi yake ya Morocco na Gerezani. Mabasi yalikuwa yameanza kubeba abiria Mei 2016. Nilifanya kazi ya upimaji ardhi katika jiji hili tangu miaka ya 1980 mpaka nilipostaafu, na habari ile ilinigusa sana. Jiji lililozoea kuandikwa kwa foleni na mafuriko lilikuwa limeandikwa kwa jambo jema.

Basi lile lile, likishatoka Ubungo kuelekea mjini, hupita kando ya kazi nyingine ya mipango miji ambayo haijawahi kupewa tuzo yoyote ninayoifahamu. Ukishuka Shekilango na kushika kushoto, unaingia Sinza. Ukiendelea na safari, ukapita Urafiki na Tip Top, unafika Manzese. Kati ya pande hizi mbili unapita Mto Ng'ombe. Sinza na Manzese zilishughulikiwa na mpango mmoja wa taifa, kwa mikopo ya benki moja, katika muongo mmoja. Tofauti ni kwamba Sinza ilipimwa kwanza, wakazi wakaja baadaye; Manzese wakazi walitangulia, mpango ukawafuata nyuma. Tangu wakati huo umepita karibu nusu karne, na kila anayevuka mto huo anaweza kuona kwa macho yake kilichotokea. Ndiyo maana nasema kwamba ubora wa mipango miji haupimwi siku ya kukata utepe. Hupimwa pale wajukuu wa waliojenga wanapokuwa bado wana njia ya kupita.

Tuanze mbali kidogo. Dar es Salaam ilianza kupangwa kwa kutenganisha watu. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliugawa mji katika kanda kulingana na aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa, na kwa kuwa aina ya nyumba ilifuata kipato na rangi, kanda zikawa za rangi. Waingereza wakaliendeleza hilo: Uzunguni kando ya bahari penye upepo, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama kizuizi baina ya Waafrika na wengine. Mwaka 1949 kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza ikaandaa mpango kabambe wa kwanza wa jiji. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 70,000. Mpango ule haukutaja rangi waziwazi, ulitaja msongamano. Viwanja vikubwa vikawekwa upande wa pwani ya kaskazini, na viwanja vidogo vya msongamano mkubwa vikawekwa Magomeni, Ilala na Temeke. Kila aliyekuwa akiishi hapa alijua ni nani angepelekwa wapi.

Hata hivyo, mpango ule ulikuwa na jambo moja ambalo hatupaswi kulidharau. Magomeni ilichorwa barabara kabla ya nyumba. Ndiyo maana hadi leo unaweza kutembea Magomeni, mtaa kwa mtaa, ukajua ulipo.

Baada ya Uhuru watu walikuja mjini kwa wingi ambao hakuna mchoro ulioweza kuubeba. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821. Sensa ya 1978 ilihesabu 843,090 katika mkoa mzima. Ndani ya miaka kumi na moja jiji lilijiongeza karibu mara tatu. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Morogoro na mumewe, wakapanga chumba Magomeni, kisha wakanunua kipande cha shamba Manzese kwa mtu aliyekuwa na minazi na miembe yake pale. Hapakuwa na afisa ardhi wala ramani. Mjumbe alishuhudia, mpaka ukawekwa kwa mti na kwa mfereji, wakaanza kujenga nyumba ya fito na udongo: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Jirani naye akajenga hivyo hivyo, na jirani wa jirani. Kila mmoja aliacha njia ya kumtosha yeye na mzigo wake kichwani. Hakuna aliyeacha njia ya gari, maana hakuna aliyekuwa na gari.

Serikali ya miaka ya 1960 iliviona vitongoji vya namna hiyo kama doa la kufutwa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipewa kazi ya kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora za matofali mahali pake. Nia ilikuwa njema, hesabu ndiyo iliyokataa. Ukibomoa nyumba moja yenye vyumba sita vya wapangaji na kujenga moja mahali pale pale, hujaongeza nyumba hata moja mjini, na fedha imekwisha. Waliobomolewa walihama wakaenda kujenga kibanda kingine pembezoni. Jiji lilikuwa linalipa gharama kubwa ili kusimama pale pale.

Mwaka 1972 Serikali ilibadili mwelekeo. Iliamua kwamba makazi yaliyojengwa bila kupimwa yatapelekewa huduma badala ya greda, na kwamba sambamba na hilo vitapimwa viwanja vipya ambavyo wananchi watajijengea wenyewe kwa uwezo wao. Benki ya Nyumba Tanzania ikaanzishwa katika kipindi hicho ili kukopesha wajenzi wadogo. Benki ya Dunia ikatoa mikopo, awamu ya kwanza kuanzia 1974 na ya pili kuanzia 1977. Kazi ilifanyika katika miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Sisi tuliosoma Chuo cha Ardhi, pale kilimani karibu na kituo kinachoitwa Survey hadi leo, tulifundishwa mpango huo na walimu waliokuwa wameshiriki kuutekeleza.

Kwa jiji letu, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikawa maeneo ya viwanja vipya. Manzese ikawa eneo la kuboreshwa.

Ningependa msomaji aelewe maana ya kupima eneo kama Sinza kwa zana za wakati ule, kwa sababu kazi hii haionekani na kwa hiyo haisifiwi. Kwanza hufyekwa mistari. Vijana wenye mapanga hukata njia nyembamba katikati ya vichaka na mikorosho ili mpima aliye na theodolaiti aone mlingoti uliosimamishwa mbali. Washika mnyororo huvuta tepu ya chuma, huiweka sawa, husoma, huandika. Pembe hupimwa mara ya pili kwa kugeuza darubini, ili kosa la chombo lijisahihishe. Kila kona ya kiwanja huchimbiwa bikoni: nondo iliyosimikwa ndani ya zege, kichwa chake kikiwa usawa wa ardhi. Kiwanja cha kawaida cha watu wa kipato cha chini kilikuwa na ukubwa wa takriban mita 12 kwa 24. Ni kidogo, lakini kinatosha nyumba, choo na mti mmoja. Kati ya safu na safu iliachwa njia. Kati ya kundi na kundi iliachwa barabara. Na humo humo zikaachwa nafasi za shule, soko, zahanati na uwanja wa wazi. Siku ya mwisho ya kazi ile, mtu aliyepita Sinza angeona majani na vichwa vya zege vilivyotapakaa. Hapakuwa na kitu cha kuzindua.

Kisha ikaja miaka migumu. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, hazina ilikuwa tupu, na miaka ya 1980 ilianza kwa uhaba wa kila kitu. Saruji ilipatikana kwa kibali, mabati kwa kujuana. Watu wenye viwanja Sinza walimwaga msingi wakasubiri, wakapandisha tofali hadi usawa wa dirisha wakasubiri tena. Wengine walilima mihogo ndani ya misingi yao. Mtu aliyeitazama Sinza mwaka 1983 angeweza kabisa kuandika ripoti ya kusema kwamba mradi umeshindwa, na asingekuwa amesema uongo kuhusu alichokiona.

Ng'ambo ya mto, Manzese ilikuwa inapendeza. Barabara chache zilipasuliwa katikati ya nyumba, waliobomolewa wakapewa viwanja kwingine. Mabomba ya maji yalifika kwenye vioski, taa zikawaka njia kuu, shule na zahanati zikajengwa. Shangazi alikuwa akisema kwamba siku maji ya bomba yalipofika karibu na mlango wake ndipo alipoamini kuwa hatafukuzwa. Neno hilo lina uzito. Kwa mtu aliyeishi akisubiri greda, bomba la Serikali ni hati kuliko hati. Alibomoa udongo, akajenga kwa tofali za saruji. Kama jopo la waamuzi wa tuzo lingekuja Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, nina hakika lingeipa Manzese na kuipita Sinza.

Muda ukageuza mambo. Vioski vya maji vilihitaji matengenezo na fedha ya matengenezo haikuwekwa. Mitaro ilijaa taka, barabara zikachimbika. Kikubwa zaidi, ardhi iliyokuwa kati ya nyumba na nyumba haikuwa ya mtu kwa mujibu wa mchoro wowote, na kwa hiyo ikawa ya kila aliyewahi. Mmoja aliongeza chumba cha mpangaji, mwingine akatoa baraza, wa tatu akafungua genge. Hakuna aliyefanya ubaya. Kila mmoja alikuwa na watoto wa kusomesha. Vichochoro vikabana hadi watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Gari la kunyonya maji taka halifiki, hivyo mvua kubwa zikija baadhi ya wenye nyumba hutapisha vyoo, uchafu ukafuata maji hadi mtoni na hadi kwa jirani wa bondeni. Kipindupindu kikiingia mjini, tunajua mapema kitapiga hodi wapi. Mgonjwa hubebwa mgongoni hadi barabarani. Shangazi alipofariki, jeneza lake lilitolewa kwa kuinuliwa juu ya ukuta wa uani kwa jirani, kwa sababu kona ya kichochoro haikuruhusu.

Sinza nayo ilikuwa inajazwa taratibu, kiwanja kwa kiwanja. Kazi yangu kwa muda mrefu ilikuwa kufufua mipaka: jirani wamegombana, bikoni imefukiwa na kifusi au imefunikwa na sakafu, tunaletwa kuitafuta. Tunachukua ramani ya upimaji, tunaanza kwenye bikoni inayojulikana, tunapima hadi pale inapopaswa kuwa, kijana anachimba. Mara nyingi sururu iligonga zege mahali palepale ramani iliposema, miaka ishirini au thelathini baada ya watu waliolimwaga kuondoka. Ugomvi uliisha hapo hapo. Nimeona wazee waliokuwa hawasalimiani wakipeana mikono juu ya shimo lile. Sifahamu sifa kubwa zaidi ya kumpa mpima aliyekwisha kufa.

Leo Sinza ni mji kamili. Nyumba zile za kawaida zimepanda ghorofa, mbele ya nyingi kuna fremu za maduka, saluni, maduka ya dawa, baa, hosteli za wanafunzi wa Mlimani na Ardhi. Pale Kijiweni, Mori, Makaburini na Afrika Sana, bodaboda na bajaji hazikauki. Kuna kelele nyingi, na kuna viwanja vya wazi vilivyomezwa na majengo ambayo mchoro haukuyaruhusu, hilo linaniuma. Lakini gari la taka linaingia. Gari la zimamoto linaingia. Bomba la maji likitaka kupanuliwa, lina mahali pa kupita bila kuvunja chumba cha mtu. Mjenzi alipopata fedha, alikuwa na eneo la kuiweka fedha hiyo lenye mipaka isiyogombaniwa. Yote haya yametokana na ile mistari iliyofyekwa vichakani.

Nisingependa msomaji aamini macho yangu peke yake. Mwaka 2021 jarida la Journal of Political Economy lilichapisha utafiti wa Guy Michaels na wenzake kuhusu mpango huu huu wa Tanzania. Walichukua mitaa 12 ya viwanja vipya na mitaa 12 iliyoboreshwa katika ile miji saba, wakaitazama kwa picha za setelaiti na takwimu za kaya. Waligundua kwamba katika mitaa ya viwanja vipya nyumba ni kubwa zaidi, zimepangika zaidi, na huduma kama maji na barabara ni bora. Mitaa iliyoboreshwa haikuonekana kuwa bora kuliko maeneo ya jirani ambayo hayakupata mradi wowote. Watafiti waliuliza pia kama tofauti hiyo ilitokana tu na aina ya watu waliohamia, wakakuta kwamba hilo linaeleza sehemu, lakini si yote. Mpangilio wenyewe ulifanya kazi.

Sehemu hiyo ya aina ya watu lazima isemwe kwa uaminifu. Viwanja vya Sinza vilikusudiwa watu wa kipato cha chini, na vingi viliishia mikononi mwa watumishi wa umma na watu wenye uwezo wa kufuatilia faili ofisini. Mama muuza vitumbua hakuwa na muda wa kurudi kaunta hiyo hiyo kila Jumatatu. Mpango mzuri wa ardhi usio na mgao wa haki huwapa maskini ramani wasiyoweza kuishi ndani yake. Tena, Manzese haikukosa kitu kwa uzembe wa watu wake. Ilipewa haki ya kubaki, na haki hiyo iliwalea maelfu ya wapangaji ambao jiji linawategemea kila alfajiri: wapishi, mafundi, wabeba mizigo wa Kariakoo. Uamuzi wa 1972 wa kuacha kubomoa ulikuwa mkubwa na wa utu, na nautaja kwa heshima. Kosa halikuwa kuiboresha Manzese. Kosa lilikuwa kwamba baada ya awamu ya pili tuliacha kupima Sinza nyingine. Mpaka ulipokuja mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002, katika maeneo kama Bunju, Kibada na Toangoma, karibu miaka ishirini ilikuwa imepita, na jiji lilikuwa limeshakimbia mbele ya wapima. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na wengi wao wanaishi kwenye ardhi iliyojengwa kabla ya kuchorwa. Kuipasulia barabara sasa, kama mradi wa uendelezaji jiji ulioanza mwaka 2015 ulivyofanya kwenye mitaa na kingo za Mto Ng'ombe, ni kazi njema na ya gharama kubwa sana ukilinganisha na vichwa vya zege vya miaka ya 1970.

Dunia ina desturi ya kuitunuku miji. Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi ulifanyika Vancouver mwaka 1976, ukazaa shirika ambalo leo tunaliita UN-Habitat, lenye makao yake Nairobi. Tangu 1989 shirika hilo limekuwa likitoa heshima kwa waliofanya vizuri katika makazi, na mwaka 2008 Kigali ikawa miongoni mwa walioipata. Heshima hizo ni za haki na zinatia moyo. Mameya wanazihitaji, na wakopeshaji huzitazama. Lakini nyingi hutolewa mradi ukiwa bado unanukia rangi. Mwendokasi yetu ilituzwa kabla haijatimiza miaka miwili. Tangu hapo tumeona karakana ya Jangwani ikivamiwa na maji ya Msimbazi, na abiria wakisubiri mabasi yaliyopungua. Tuzo ile haikukosewa. Ilitaja mwanzo mzuri. Matunzo ya kila siku ndiyo yatakayosema yaliyobaki.

Kwa hiyo nina pendekezo, na nalitoa kwa wizara inayosimamia ardhi, kwa bodi za wataalamu wa mipango miji na wapima, na kwa Chuo Kikuu Ardhi. Tuanzishe tuzo ya taifa ya mipango miji yenye sharti moja: mtaa unaoshindanishwa uwe umetimiza miaka 30 tangu kupimwa. Waamuzi wasitazame michoro wala hotuba. Watembee. Waone kama hifadhi ya barabara bado ipo. Waulize kama gari la wagonjwa linafika mlangoni na kama uwanja wa wazi bado una watoto. Wachimbe bikoni waone kama ipo. Waulize pia kiwanja kiligawiwa kwa nani, na kama mpangaji wa chumba kimoja anaishi humo kwa heshima. Mtaa utakaopita mtihani huo upewe kibao barabarani chenye majina: mchoraji, wapima, washika mnyororo, afisa aliyekataa kuuza uwanja wa shule, wenyeviti wa mtaa waliosimama mbele ya ukuta uliotaka kuingia barabarani.

Sinza ingestahili kuwa ya kwanza kushindanishwa, na dosari zake zisomwe hadharani pamoja na sifa zake. Faida kubwa ya tuzo ya namna hiyo ingewafikia vijana wanaopima Chanika, Kibaha na Mkuranga sasa hivi, wenye vifaa vya setelaiti vinavyowapa kona ya kiwanja kwa dakika chache. Wangejua kwamba kazi yao ina mwamuzi ambaye bado anakua, na wangeacha barabara pana.